Kutoka Jicho la Furu hadi Ziwa Zima: Mwongozo wa Kufanya Utafiti wa Biolojia Chuoni

Kila mwaka kuna mwanafunzi anayekuja kuniambia, "Mwalimu, mimi nataka kufanya DNA." Namuuliza DNA ya nini. "Ya samaki." Samaki yupi? Hapo huanza kukuna kichwa. Simlaumu. Mashine za maabara zinavutia kuliko mtumbwi unaovuja, na ukimwambia shangazi yako kijijini kwamba unasoma vinasaba, atakuheshimu zaidi kuliko ukimwambia unapima rangi ya maji. Lakini utafiti mzuri wa viumbe vya majini huanzia majini, hushuka hadi kwenye molekuli, kisha hurudi majini na jibu mkononi. Anayeanzia maabara hubaki na picha nzuri ya jeli ya kuonyeshea DNA, isiyomwambia mtu kitu.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho au wa uzamili atakayefanya kazi ya aina hii kwa mara ya kwanza. Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: furu wa Ziwa Victoria. Hata kama wewe unashughulika na kaa wa mikoko ya Rufiji au dagaa wa Tanganyika, mtiririko ni ule ule.

Kisa chenyewe kwanza

Furu ni wale samaki wadogo wenye miba mgongoni ambao watoto wa mialoni huwavua kwa ndoana ndogo. Ziwa Victoria lilikuwa na takriban spishi 500 za furu, karibu zote hazipatikani kwingine duniani. Na ziwa lenyewe ni changa: wanajiolojia waliochimba tope la sakafuni walikuta dalili kwamba lilikauka yapata miaka 15,000 iliyopita. Kisha sangara akapandikizwa katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, akafurika miaka ya 1980, na furu wengi wakatoweka. Hilo linajulikana na wengi. Lisilojulikana sana ni kwamba sangara si adui pekee.

Kwenye visiwa vya mawe vya Ghuba ya Mwanza na Ghuba ya Speke kuna ndugu wawili wa karibu. Mmoja anaitwa Pundamilia pundamilia, na jina limetoka moja kwa moja kwenye Kiswahili chetu, kwa sababu ya mistari ya ubavuni. Dume wake ni wa bluu ya kijivu, hukaa karibu na uso wa maji. Mwenzake ni Pundamilia nyererei, aliyeelezwa kisayansi mwaka 1985 na kupewa jina la Mwalimu. Huyu dume wake ana mgongo mwekundu, na hukaa chini kidogo. Majike wa spishi zote mbili ni wa rangi ya vumbi tu. Ukiwachanganya kwenye ndoo, utatoa jasho kuwatenganisha.

Jike huchagua dume kwa rangi. Sasa katika maji ya ziwa hili, nuru ya bluu hufa mapema, na kadiri unavyoshuka ndivyo nuru iliyobaki inavyoelekea wekundu. Ndani ya jicho kuna protini iitwayo opsini, kazi yake kunasa nuru. Jeni moja ya opsini, LWS, ina aleli mbili, yaani matoleo mawili ya jeni ile ile, muhimu kwa samaki hawa: moja hunasa vizuri nuru ya juu, nyingine imesogea upande wa wekundu kwa takriban nanomita 15. Badiliko la herufi chache tu za DNA, na samaki anaona dume tofauti akimvutia. Mwaka 1997 mwanabiolojia Ole Seehausen na wenzake walionyesha kwamba maji yakichafuka kwa mwani na tope, rangi hupotea, majike hushindwa kuchagua, na spishi huanza kuchanganyika. Mwaka 2008 wakaonyesha upande wa jeni: penye maji maangavu aleli hizo mbili zimegawana kina, penye maji machafu mpaka unafifia.

Angalia mnyororo huo ulivyo. Mbolea ya shamba na majitaka ya mji huingia ziwani, mwani huongezeka, nuru hubadilika, opsini haifanyi kazi yake, jike anakosea, spishi mbili zinakuwa moja. Hakuna sangara hapo. Kazi yako ni kukamata pete moja au mbili za mnyororo wa namna hiyo na kuzipima.

Hatua ya 1: Andika swali kwenye kipande kimoja cha karatasi

Nusu ukurasa, kwa mkono. Swali liwe na sehemu mbili: kitu cha majini unachoweza kukipima na kitu cha molekuli unachoweza kukipima, na jinsi kimoja kinavyotakiwa kubadilika kingine kikibadilika. Kwa mfano: "Je, kadiri uangavu wa maji unavyopungua kati ya kisiwa na kisiwa, furu wenye aleli mbili tofauti za LWS wanaongezeka?" Swali hili linaweza kupata jibu la "hapana", na ndiyo maana ni zuri.

Linganisha na hili, nililolipokea zaidi ya mara moja: "Kuchunguza utofauti wa vinasaba vya samaki wa Ziwa Victoria." Hilo haliwezi kushindwa, kwa hiyo haliwezi kufaulu. Utofauti upo. Ukishaukuta, utasema nini?

Kisha jiulize kama molekuli uliyoichagua inaweza kujibu. Hapa ndipo wengi huanguka. Kipande cha jeni ya COI, chenye herufi kama 650, ndicho kinachotumika duniani kote kutambua spishi za wanyama. Kwa sangara, sato na dagaa kitakusaidia vizuri. Kwa furu wa Ziwa Victoria hakikusaidii: spishi zao ni changa mno, COI zao hazijapata muda wa kutofautiana. Unaweza kutumia mwaka mzima na fedha zote kugundua kwamba furu mwekundu na furu wa bluu wana COI ile ile. Mtu mmoja akikuambia hilo mapema amekuokolea shahada.

Hatua ya 2: Msimamizi, na kusoma

Soma makala kumi vizuri kuliko mia moja juujuu, na ndani ya kila makala anza na sehemu ya mbinu. Kwenye daftari andika walitumia samaki wangapi, vituo vingapi, walihifadhi vipi. Msimamizi mtafute mwenye maabara inayofanya kazi leo, si iliyokuwa ikifanya kazi mwaka juzi. Kabla ya kukubaliana naye, nenda ukamsalimie fundi sanifu wa maabara na umuulize kwa adabu ni lini mara ya mwisho mashine ya PCR, ile ya kunakili DNA, iliwashwa. Fundi anajua mengi ambayo hayamo kwenye tovuti ya idara.

Hatua ya 3: Vibali, mapema kuliko unavyodhani

Tanzania, anayesimamia vibali vya utafiti ni COSTECH. Kenya ni NACOSTI. Uganda ni UNCST. Mwanafunzi mwenyeji mara nyingi huanzia kwenye barua ya chuo chake, ambayo hushuka mkoani, wilayani, kijijini, hadi kwa viongozi wa BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuko) pale mwaloni. Usiruke ngazi hata moja. Taasisi ya utafiti wa uvuvi ya nchi husika (TAFIRI kwa Tanzania, KMFRI kwa Kenya, NaFIRRI kwa Uganda) itakusaidia kwa takwimu za zamani na wakati mwingine kwa boti, ukienda mapema na ukienda kwa heshima.

Kama sampuli zitasomwa nje ya nchi, kuna jambo la ziada. Itifaki ya Nagoya, iliyoanza kutumika Oktoba 2014, inadai kibali cha nchi yenye rasilimali na makubaliano ya namna faida zitakavyogawanywa. Kipande cha pezi cha milimita tano nacho ni rasilimali ya taifa. Uandae mkataba wa kuhamisha sampuli kabla ya kukata pezi hata moja.

Chuo kitataka pia idhini ya maadili kuhusu jinsi utakavyowaua au kuwalaza samaki. Mafuta ya karafuu yanakubalika sana kwa kazi hii (watu wa Pemba mtatabasamu), ila hayachanganyiki na maji yakimiminwa tu: yayeyushe kwanza kwenye ethanoli, kisha ndiyo uyamimine ndooni. Dozi ya kulaza na dozi ya kuua ni tofauti, na zote ziandikwe kwenye andiko lako.

Hatua ya 4: Vituo vingapi, samaki wangapi

Chukua muda hapa, kwa sababu kosa la hatua hii halirekebishiki baadaye.

Tuseme umevua furu 60, thelathini kwenye kisiwa cha maji maangavu na thelathini kwenye kisiwa cha maji machafu. Una sampuli ngapi? Wengi hujibu 60. Kwa swali la uangavu wa maji, jibu ni 2. Visiwa hivyo viwili hutofautiana kwa mambo mengi: mteremko wa mawe, umbali kutoka mjini, idadi ya wavuvi. Samaki thelathini wa kisiwa kimoja wanakuambia habari za kisiwa hicho tu. Mwanaikolojia Stuart Hurlbert aliandika juu ya kosa hili mwaka 1984 na bado linaingia kwenye tasnifu kila mwaka. Dawa yake ni kuongeza vituo na kupunguza samaki kwa kila kituo. Ningechagua visiwa nane vyenye samaki 20 kila kimoja kuliko visiwa viwili vyenye samaki 80.

Majira nayo yana neno. Kati ya Juni na Agosti pepo za kusi hulikoroga ziwa hadi chini. Miezi ya mvua maji hujipanga matabaka, ya joto juu, ya baridi chini na oksijeni kidogo. Ukipima kisiwa kimoja Julai na kingine Februari umelinganisha majira, hukulinganisha visiwa.

Hatua ya 5: Siku ya kwanza ziwani

Amkia mwaloni, si hotelini. Shikamoo kwa wazee, eleza kazi yako kwa maneno ya kawaida, na usikilize. Mara ya kwanza nilipotaja furu kwa mzee mmoja mwenye mtumbwi, aliniangalia kwa huruma.

"Mwanangu, furu wa mchanga au mbipi?"

Sikuwa nimelisikia neno mbipi. Ndilo jina wanalowaita furu wa kwenye mawe, yaani hasa niliokuwa nikiwatafuta. Mzee yule alijua pia jiwe gani lina wekundu na jiwe gani lina wa bluu, na kwa kina cha pondo ngapi. Mimi nilikuwa na ramani ya setilaiti. Tulitumia pondo yake.

Jaketi okozi ni la kila mtu, na nahodha pia. Ziwa hubadilika ghafla; ukiambiwa "turudi", rudi. Usitembee pembeni mwa maji peku, kichocho kipo. Kama lazima uingie, vaa mabuti marefu ya mpira.

Sasa kipimo cha uangavu. Huhitaji kifaa cha kununua. Chukua kifuniko kigumu cha plastiki au bati, ukate duara la kipenyo cha sentimita 20. Ligawe robo nne, paka mbili nyeusi na mbili nyeupe, zikipishana. Toboa katikati, funga kamba isiyovutika, na chini ning'iniza boliti nzito ili lisipepee. Weka alama kwenye kamba kila sentimita 10. Lishushe upande wa kivuli wa mtumbwi, kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, bila miwani ya jua. Andika kina linapopotea machoni, kisha lipandishe uandike kina linapoonekana tena. Wastani wa viwili hivyo ndio uangavu wako. Rudia mara tatu, na mtu mwingine arudie bila kuona namba zako. Duara hilo la kifuniko cha ndoo litakupa takwimu zinazolingana na za watafiti waliopita hapo miaka mingi kabla yako, na ndiyo sababu nalipenda kuliko kifaa chochote chenye skrini.

Ongeza joto la maji na oksijeni kwa kila mita ukiwa na kipimio cha umeme, na ukisawazishe asubuhi ile ile. Chukua chupa ya maji kwa ajili ya kupima klorofili. Ifunike isipate jua na uiweke kwenye deli la barafu.

Namba za GPS ziandike kwa nyuzi za desimali, na usisahau alama ya kutoa kwa latitudo ya kusini. Mwanza iko kwenye -2.5 na 32.9. Ukisahau kistari hicho kimoja, vituo vyako vyote vinahamia karibu na Lira, kaskazini mwa Uganda, nchi kavu. Nimeona ramani ya namna hiyo kwenye utetezi wa tasnifu, mbele ya watahini.

Hatua ya 6: Samaki, picha, pezi, lebo

Samaki wa maji ya kina usimvute upesi. Mfuko wake wa hewa hutanuka na kumpasua. Mpandishe polepole. Andika kina alichovuliwa kwa kila samaki, si kwa kila wavu.

Rangi hufifia dakika chache baada ya kifo, kwa hiyo picha huja kwanza. Mweke samaki kwenye kitangi chembamba cha kioo chenye maji safi, ubavu wa kushoto ukielekea kamera, rula na kadi ya rangi kando yake, na namba yake ionekane ndani ya picha. Baadaye watu wawili wasiojua samaki katoka wapi watampa kila dume alama ya rangi, tuseme 0 kwa bluu kamili hadi 4 kwa mwekundu kamili. Ukiwapa alama wewe mwenyewe ukijua kituo, macho yako yatakupendelea.

Pezi kata la kifuani upande wa kulia, kwa kuwa wa kushoto umepigwa picha. Kipande cha ukubwa wa punje ya mchele kinatosha. Kiweke kwenye kichupa chenye ethanoli ya asilimia 95 au zaidi, ethanoli iwe angalau mara kumi ya ujazo wa nyama. Spiriti ya dukani yenye rangi haifai, imetiwa kemikali nyingine. Kesho yake badilisha ethanoli, kwa sababu maji yaliyotoka kwenye nyama yameizimua. Mkasi ufute na uuchome kwa moto kati ya samaki na samaki.

Mwili mzima, kama utauhifadhi kwa makumbusho, ndio unaweza kuingia kwenye formalini, baada ya pezi kukatwa. Formalini hufungamanisha na kuvunjavunja DNA. Samaki wengi waliokusanywa ziwani kabla sangara hajafurika wamo kwenye formalini, na hilo ni jambo la kusikitisha kwa sababu ndio hasa ambao tungependa kuwasoma.

Na sasa lebo. Safari yangu ya kwanza peke yangu nilivua furu 40, nikaandika namba zao juu ya vifuniko kwa kalamu ya wino nzito inayojiita haifutiki. Barabarani, kwenye basi, vichupa vichache vilivuja. Nilipofungua boksi siku ya pili, vifuniko vilikuwa na madoa ya zambarau na sikuweza kusoma hata namba moja. Samaki 40 wazuri, wasio na kisiwa wala kina. Ethanoli hula wino. Penseli haili. Andika namba kwa penseli kwenye kipande cha karatasi ngumu isiyolowa kirahisi, kama ile ya wachora ramani, ukitie ndani ya kichupa pamoja na pezi, na uandike tena nje kwa kukwaruza plastiki. Orodha iwe kwenye daftari, na jioni daftari lipigwe picha.

Hatua ya 7: Maabara

Panga meza mbili: ya kutolea DNA na ya kuandalia PCR, na usihamishe pipeti kutoka moja kwenda nyingine. Nyama humeng'enywa kwa kimeng'enya cha kuyeyusha protini usiku kucha kwenye nyuzi kama 56, kisha DNA huoshwa na kukusanywa. Pima unyonyaji wa nuru kwenye nanomita 260 na 280. Uwiano wa karibu 1.8 ni mzuri, chini zaidi ya hapo protini imebaki.

Kwa LWS utahitaji praima za jeni hiyo (vipande vifupi vya DNA vinavyoonyesha mahali pa kuanza kunakili), zilizokwisha kuchapishwa. Usijitungie zako bila sababu. Zinakuja zikiwa kavu, unga usioonekana, kwa hiyo zungusha kichupa kwenye sentrifuji kabla ya kukifungua, la sivyo fedha ya miezi miwili inapeperuka na feni. Zigawanye katika vichupa vidogo ili usiyeyushe na kugandisha ile ile mara kumi.

PCR yenyewe ni joto linalopanda na kushuka: kama nyuzi 95 kutenganisha pande mbili za DNA, kati ya 50 na 60 praima kushika, 72 kimeng'enya kunakili, mara 30 au 35. Kwa mizunguko 30, molekuli moja yaweza kuwa takriban bilioni moja. Ndiyo sababu uchafu kidogo ni hatari: tone la DNA ya jana nalo linakuwa bilioni. Kila safari weka kichupa kimoja chenye maji badala ya DNA. Kikionyesha mstari kwenye jeli, tupa kila kitu cha siku hiyo, hata kama sampuli zako zimetoka kwa uzuri wa kupigiwa makofi.

Kuhusu umeme: kama mashine yako haina betri ya kuiongezea muda, anza PCR wakati ambao fundi anasema umeme hutulia. Jokofu la vimeng'enya liandikiwe mlangoni, kwa herufi kubwa, lisichomolewe kwa ajili ya birika la chai. Hii si mzaha.

Hatua ya 8: Kusoma herufi

Nakala za PCR hupita kwenye mashine ya kusoma mfuatano wa herufi za DNA. Soma kila sampuli kutoka pande zote mbili. Programu itakupa herufi tayari, lakini fungua grafu uone vilele vyenyewe, kila herufi na kilele chake, kimoja baada ya kingine. Utafika mahali ambapo pana vilele viwili vimekaliana, cha C na cha T, vyote virefu. Programu itachagua kimoja au itaandika N, nawe utadhani ni kosa la mashine. Kama vilele hivyo viwili vinaonekana mahali pale pale ukisoma kutoka upande wa pili, basi si kosa: samaki huyo amepata C kwa mzazi mmoja na T kwa mwingine. Huyo ndiye mwenye aleli mbili tofauti. Ndiye swali lako lote la hatua ya kwanza, na programu ilikuwa karibu kumfuta.

Linganisha mfuatano wako na GenBank, hazina ya wazi ya mifuatano ya DNA, kuhakikisha ni LWS ya furu, si ya bakteria wala ya vidole vyako.

Hatua ya 9: Hesabu

Anza kwa mkono kabla ya kufungua programu. Chukulia kisiwa kimoja kina samaki 20, kwa hiyo aleli 40, nusu za aina moja na nusu za nyingine. Kama samaki wote wangekuwa wanazaana bila kuchagua, ungetarajia wenye aleli mbili tofauti wawe 2 × 0.5 × 0.5, yaani nusu: samaki 10. Umewakuta 2. Hapo kuna makundi mawili yanayoishi mwamba mmoja bila kuoana. Kisiwa cha pili, kwa mgawanyo ule ule wa aleli, umewakuta 9. Huko mpaka umeporomoka, au haukuwahi kuwepo.

Pungufu hilo ligeuze kuwa namba moja kwa kila kisiwa: moja toa waliokutwa gawanya kwa waliotarajiwa. Kisiwa cha kwanza 1 − 2/10 = 0.8, cha pili 0.1. Visiwa vinane, namba nane, kila moja na uangavu wake wa maji. Chora grafu. Mara nyingi grafu hiyo yenye vidoti vinane, iliyochorwa kwa penseli, ndiyo kiini cha tasnifu yote. Programu ya takwimu iitwayo R itakusaidia kuweka uzito na mashaka juu yake. Kisha angalia kina: ndani ya kisiwa kimoja, je, aleli ya wekundu inaongezeka ukishuka?

Kuwa mwangalifu na neno "husababisha". Visiwa vya maji machafu viko karibu na ufuko na mji, na huenda vina tofauti nyingine. Pia aleli zenyewe ni kongwe kuliko ziwa: kazi iliyochapishwa mwaka 2017 ilionyesha kwamba furu wa ukanda huu wametokana na kuchanganyika kwa koo mbili, moja yenye asili ya Kongo na nyingine ya Naili ya juu, na aina mbili za LWS zilikuja na koo hizo. Kwa maneno mengine, ziwa halikuzibuni, lilizipanga. Mtahini makini atakuuliza hilo, basi liandike kabla hajauliza.

Hatua ya 10: Kuandika na kuhifadhi

Sehemu ya mbinu iandike ukiwa bado maabara, harufu ya ethanoli ikiwa mikononi. Miezi sita baadaye hutakumbuka ulitumia nyuzi 54 au 56. Matokeo yafuate, utangulizi uje mwisho. Mifuatano ipeleke GenBank pamoja na kituo, tarehe na kina, na samaki wazima wapate namba ya makumbusho ili mwingine aweze kuwatazama tena ukiwa umekosea spishi.

Rudi mwaloni na karatasi moja ya Kiswahili yenye ramani na grafu yako, umpe mwenyekiti wa BMU na uisome kwa sauti pale pale, kwa sababu karatasi iliyoachwa ofisini hufungiwa maandazi. Nilipofanya hivyo, mzee wa pondo aliuliza swali moja tu: kama maji yakisafishwa, wale waliokwisha kuchanganyika watatengana tena? Sikuwa na jibu, nikaliandika kwenye daftari.

Mapezi yaliyobaki yagandishe kwenye nyuzi -20, boksi liwe na orodha juu na nakala ya orodha hiyo kwa fundi. Kwa penseli.